Kusoma Italia: Ada ni Nyepesi, Makaratasi Ndiyo Mzigo

Wengi wanaoulizia masomo ya Italia huanza na ada. Swali ni la haki, ila kwa mtoto wa familia ya kawaida kutoka Mwanza, Kisumu au Bujumbura, ada ndiyo sehemu nyepesi ya safari. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018, vyuo vikuu vya serikali huko havimtozi mchango wa masomo mwanafunzi ambaye hali ya uchumi ya familia yake, ikipimwa kwa kipimo kiitwacho ISEE, haifiki yuro 13,000. Mwaka 2021 kiwango hicho kilipandishwa hadi 22,000. Vyuo vingine huwapangia wageni ada moja kwa kuangalia nchi wanayotoka, nayo mara nyingi ni ndogo kwa nchi zetu. Kinachobaki ni kodi ya mkoa, kwenye mikoa mingi yuro 140, na stempu ya yuro 16. Chuo binafsi cha Nairobi au Dar es Salaam hakikupi bei hiyo.

Kinachopoteza mwaka wa mtu ni kingine. Kila karatasi inasubiri karatasi nyingine, kila moja ina tarehe yake ya mwisho, na pesa ya ufadhili huingia baada ya gharama kubwa kulipwa. Anayeelewa mpangilio huo kabla ya kupanda ndege ameshavuka nusu ya shida.

Sifa za kujiunga kwanza. Italia hutaka miaka 12 ya shule kabla ya shahada ya kwanza. Mkenya wa mfumo wa 8-4-4 anayo 12 kamili akimaliza kidato cha nne. Mtanzania wa kidato cha nne ana 11 tu, basi hapiti. Wa kidato cha sita ana 13, anapita. Shahada ya kwanza, laurea triennale, ni miaka 3 na krediti 180. Ya pili, magistrale, ni miaka 2 na krediti 120. Krediti wao huziita CFU, na moja huhesabiwa kuwa saa 25 za kazi, ukichanganya darasani na kujisomea. Kozi za Kiingereza ni nyingi zaidi kwenye magistrale, na huko ndiko vijana wengi wa kwetu huingilia. Kozi za Kiitaliano kwa kawaida hudai kiwango cha lugha cha B2 (juu ya wastani), na asikudanganye mtu kwamba B2 hupatikana kwa miezi mitatu ya programu ya simu.

Ukishakubaliwa na chuo, unajisajili kwenye tovuti ya serikali iitwayo Universitaly. Usajili huo haulipiwi, kwa hiyo wakala anayekudai "ada ya Universitaly" anakula hela yako. Chuo hukagua ombi na kulithibitisha, kisha hulituma ubalozini. Bila uthibitisho huo ubalozi haushughulikii viza yako hata ukilala getini. Viza yenyewe ni ya aina ya D, ya masomo, na ada yake ni yuro 50. Wakati huohuo vyeti vinatakiwa vitambuliwe, ama kwa hati ya dichiarazione di valore itolewayo na ubalozi, ama kwa hati ya ulinganisho kutoka CIMEA, kituo cha Italia kinachokagua vyeti vya nje. Ya CIMEA unaiomba mtandaoni kwa malipo. Ile ya ubalozi inategemea foleni ya ubalozi. Uliza chuo chako kinakubali ipi kabla ya kulipia yoyote.

Mihuri ina mpangilio wake. Cheti halisi huanzia kwenye mamlaka iliyokitoa, kisha wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa Italia. Ukitafsiri mapema halafu ndiyo upeleke wizarani, muhuri wa wizara hautakuwemo kwenye tafsiri, na unaweza kurudishwa mwanzo. Tafsiri ifuate mihuri ya nyumbani, na mfasiri awe yule ambaye ubalozi unamtambua.

Ipo karatasi moja ndogo ambayo wengi huipuuza, nayo hubeba nyingine zote: codice fiscale, namba ya mlipakodi. Bila hiyo hakuna mkataba wa nyumba, akaunti ya benki wala ufadhili. Ni bure, na hutolewa na ofisi ya kodi, Agenzia delle Entrate, au na ubalozi kabla hujaondoka. Ina herufi na tarakimu 16, na haipangwi kwa bahati nasibu. Hutengenezwa kutokana na jina, tarehe na mahali ulipozaliwa. Hapo ndipo majina yetu matatu yanapoleta kasheshe.

Chukua msichana wa kubuni, Asha Salim Juma, aliyezaliwa Tanzania tarehe 14 Machi 2003. Jina la ukoo, Juma, lina konsonanti mbili tu, kwa hiyo huazima vokali ya kwanza: JMU. Jina lake, kama mfumo umesoma "Asha" peke yake, hutoa SHA. Lakini kama pasipoti imeandika "Asha Salim" kwenye sehemu ya majina ya mwanzo, konsonanti ni S, H, S, L, M. Zikifika nne au zaidi, sheria huchukua ya kwanza, ya tatu na ya nne: SSL. Kisha 03 ya mwaka, C ya Machi, na siku ya 14 inakuwa 54 kwa sababu wanawake huongezewa 40. Z357 ni Tanzania (Kenya ni Z322), na herufi ya mwisho ni ya ukaguzi. Kwa hiyo, ukiiacha herufi hiyo ya mwisho, Asha huyohuyo anaweza kuwa JMUSHA03C54Z357 kwenye karatasi moja na JMUSSL03C54Z357 kwenye nyingine. Kwa kompyuta za Italia hao ni watu wawili. Benki itakataa kufungua akaunti, na pesa ya ufadhili itagonga mwamba kwa kuwa IBAN, namba ya akaunti ya benki, ni ya "mtu mwingine". Dawa yake ni kujaza kila fomu, kuanzia ile ya kwanza kabisa ya chuo, neno kwa neno kama pasipoti ilivyo. Usifuate cheti cha kuzaliwa, wala cheti cha baraza la mitihani, NECTA au KNEC. Kama vyeti vinatofautiana na pasipoti, tengeneza hati ya kiapo nyumbani, maana ukiwa huko itakugharimu miezi.

Ubalozi utataka pia kuona pesa ya kujikimu. Kiwango hutangazwa kila mwaka. Kwa mwaka wa masomo 2024/2025 kilikuwa yuro 6,947 na senti. Taarifa ya benki inayoonyesha salio la shilingi elfu hamsini kwa miezi mitano, kisha milioni ishirini zikatua wiki moja kabla ya miadi, humfanya ofisa aulize ni za nani. Afadhali mdhamini mwenye mzunguko wa kweli na barua yake kuliko salio la kuazima. Uthibitisho wa ufadhili pia huhesabika, ila matokeo ya ufadhili wa mkoa mara nyingi hutoka baada ya muda wa viza, kwa hiyo usiuwekee matumaini yote.

Sasa tufike kwenye ufadhili wenyewe, kwa sababu ndio unaowaleta wengi. Mara nyingi hautolewi na chuo. Hutolewa na wakala wa mkoa. Torino ni EDISU Piemonte, Bologna ni ER.GO, Firenze na Pisa ni DSU Toscana, Roma ni DiSCo Lazio. Kiasi cha juu kwa mtu wa kutoka mbali, yaani anayepanga mjini kwa sababu kwao ni mbali na chuo, katika miaka ya karibuni, ni karibu yuro 7,000 kwa mwaka. Ukipewa chumba cha bweni na chakula cha mensa, mkahawa wa wanafunzi, thamani yake hukatwa humo. Dirisha la maombi hufunguka kati ya Julai na Septemba, wakati wengi bado wanahangaika na viza. Waombaji wengi hulikosa dirisha hili kwa kudhani ni lazima wawe wamefika Italia kwanza. Si kweli. Unaomba ukiwa nyumbani.

Msingi wa ombi ni ISEE parificato, yaani kipimo cha uchumi kwa familia iliyo nje ya Italia, nacho hukokotolewa na ofisi ziitwazo CAF. Wanataka vitu vinne: orodha ya wanafamilia, kipato cha mwaka mzima wa kalenda, nyumba zenu na ukubwa wake kwa mita za mraba, na salio la benki la tarehe 31 Desemba. Mwaka unaotumika umeandikwa kwenye tangazo; usome, kwa sababu kwa kawaida ni wa nyuma zaidi ya unavyodhani. Kila hati itafsiriwe na kugongwa mihuri kwa njia ileile ya vyeti.

Ugumu uko kwenye kipato kisicho na karatasi. Baba ana shamba la migomba, mama anauza mboga. Hakuna hati ya mshahara. Kuacha sehemu hiyo wazi ni kosa, na kuandika sifuri ni kosa kubwa zaidi, kwani ofisi itauliza watu watano wanaishije bila senti. Pata barua ya ofisa mtendaji au chifu inayotaja shughuli na makadirio ya mwaka, iambatane na hati ya kiapo, kisha waulize ubalozi na CAF yako kwa barua pepe kama wataipokea hivyo. Jibu lao litunze.

Nyumba nayo ina hesabu yake. Nyumba ya nje ya Italia huthaminiwa yuro 500 kwa mita ya mraba, iwe Masaki au kijijini Njombe. Nyumba ya mita 120 inakuwa yuro 60,000 kwenye karatasi. Hiyo huwatisha watu hadi wanaificha, bila sababu. Katika ISEE huingia asilimia 20 tu ya mali, yaani 12,000, halafu jumla yote hugawanywa kwa namba inayotegemea ukubwa wa familia: 1.57 kwa watu wawili, 2.04 kwa watatu, 2.46 kwa wanne, 2.85 kwa watano. Kwa familia ya watu watano, nyumba hiyo huongeza takriban 4,210 kwenye ISEE, kabla ya makato yoyote. Kikomo cha ISEE kitaifa kwa mwaka wa masomo 2024/2025 kilikuwa yuro 27,000 na ushee, ingawa mkoa unaweza kuweka cha chini zaidi. Kinachoumiza kuliko nyumba ni kusahau wadogo zako kwenye orodha ya familia: ukiandika watu watatu badala ya watano, umegawanya kwa 2.04, na unaweza kuvuka mstari ambao hukustahili kuuvuka.

Ukishinda, usishangilie bado. Awamu ya kwanza kwa kawaida huja kuelekea mwisho wa Desemba, mikoa mingine baadaye. Na yupo anayestahili ila mfuko umeisha. Wao humwita idoneo non beneficiario. Huyo husamehewa ada lakini hapewi pesa. Kwa hiyo kuanzia Septemba hadi Januari unaishi kwa pesa uliyokuja nayo, na mahesabu ya miezi hiyo si madogo.

Ndani ya siku 8 za kazi tangu uingie nchini lazima uombe kibali cha kuishi, permesso di soggiorno. Nenda posta yenye dirisha la Sportello Amico, uombe bahasha maalumu, "kit", ambayo ni bure. Jaza fomu ya Modulo 1 kwa wino mweusi, weka nakala za pasipoti, viza, barua ya chuo, bima na uthibitisho wa pesa. Usifunge bahasha, karani hukagua kwanza. Unalipa stempu ya yuro 16, inayouzwa kwenye duka la sigara lenye bango la herufi T, yuro 70.46 kwa hati ya malipo ya posta, na yuro 30 za huduma: jumla 116.46. Utapewa risiti na tarehe ya kwenda Questura, ofisi ya polisi, kuchukuliwa alama za vidole na kupeleka picha. Risiti hiyo ndiyo kitambulisho chako kwa miezi kadhaa. Piga nakala siku hiyohiyo, kwa sababu maandishi ya karatasi ya posta hufifia.

Bima ya afya ilibadilika sana. Hadi mwisho wa 2023 mwanafunzi alijiunga na huduma ya taifa, SSN, kwa chini ya yuro 150. Tangu Januari 2024 ni yuro 700 kwa mwaka, na mwaka wenyewe ni wa kalenda. Ukijiunga Oktoba unalipa 700 kamili, na 31 Desemba umeisha. Ndiyo maana wengi huanza na bima binafsi ya mwaka mmoja, iliyo rahisi zaidi. Hakikisha inafunika kipindi chote unachoombea kibali, maana Questura huangalia inaishia lini. Ila bima nyingi za bei hiyo hushughulikia dharura, na magonjwa ya kudumu huyaacha nje. Mwenye selimundu, pumu au kisukari asifanye ubahili hapa. 700 zitarudi mapema.

Nyumba ndiyo donda ndugu. Milano chumba cha peke yako hupita yuro 600 bila jasho. Torino na Padova bado unaweza kupata cha 350 hadi 500. Kusini, Palermo au Bari, ni nafuu zaidi. Amana kisheria haizidi miezi 3, na dalali hudai takriban kodi ya mwezi mmoja pamoja na VAT ya asilimia 22. Kwa chumba cha 400, andaa kati ya 1,200 na 2,100 kabla hujalala usiku wa kwanza. Usitume pesa kwa chumba ambacho hakuna mtu unayemwamini aliyekiona kwa macho. Mwenye nyumba aliye "safarini Uingereza" na atakayetuma funguo kwa posta hana nyumba.

Mkataba wa wanafunzi huwa wa miezi 6 hadi 36, na unatakiwa usajiliwe Agenzia delle Entrate ndani ya siku 30. Wapo wenye nyumba watakaokupunguzia yuro 50 ili usisajiliwe. Kataa. Mawakala wa mikoa mara nyingi hutaka mkataba uliosajiliwa wa angalau miezi 10 ili wakuhesabu kuwa wa kutoka mbali. Bila huo unashushwa daraja na kupoteza maelfu kwa sababu ya 50. Uliza pia kama "spese", gharama za ziada kama joto na umeme, zimo kwenye bei. Kwenye majengo mengi joto la nyumba huwashwa kwa kalenda ya sheria: Torino, Milano, Bologna na Padova ni kuanzia 15 Oktoba hadi 15 Aprili, si zaidi ya saa 14 kwa siku, Roma huanza 1 Novemba, Napoli 15 Novemba. Wiki ya pili ya Oktoba kule kaskazini ni ya masweta na blanketi. Umeme wa nyumba nyingi ni kilowati 3: ukiwasha oveni, birika na mashine ya kufulia pamoja, nyumba nzima inazimika, na swichi yenyewe huenda iko chini kwenye ghorofa ya ardhini.

Kwa wapenzi wa ugali, Veneto huuza unga mweupe wa mahindi, polenta bianca. Chukua uliosagwa laini, fioretto. Bramata ni chenga. Ulioandikwa istantanea umeshapikwa kiwandani, haushikani, utapata uji mzito usiokatika.

Darasani kuna jambo moja linalowachanganya waliozoea mtihani mmoja mwisho wa muhula. Kila somo lina nafasi kadhaa za mtihani kwa mwaka, ziitwazo appelli: Januari na Februari, Juni na Julai, kisha Septemba. Unajiandikisha mwenyewe mtandaoni, na dirisha hufungwa siku chache kabla. Alama ni kati ya 30, kufaulu ni 18. Mitihani mingi ni ya mdomo. Unakaa mbele ya profesa na msaidizi wake, wenzako wakiwa wamekaa nyuma wanasikiliza, na mara nyingi swali la kwanza ni la mada unayoichagua mwenyewe. Iandae hiyo kama hotuba ya dakika tano, uimalizie kwenye eneo unalolijua vizuri, kwa sababu swali la pili huchipuka pale ulipoishia. Ukipewa 20 na unaamini unaweza zaidi, maprofesa wengi hukuruhusu kuikataa na kurudi appello ijayo. Angalia pia kama silabasi ina orodha mbili za vitabu, ya wahudhuriaji na ya wasiohudhuria. Ya pili huwa ndefu, na anayefika Novemba kwa kuchelewa viza anaweza kujikuta huko.

Uhuru huo ni mtamu na una mtego. Kanuni ya msingi ya ufadhili inamtaka mwanafunzi wa mwaka wa kwanza awe na krediti 20 ifikapo 10 Agosti ili apate awamu ya pili. Asipozifikisha hadi 30 Novemba, hunyang'anywa na kudaiwa alichokula. Sasa piga hesabu: masomo mengi ni ya krediti 6. Matatu ni 18. Unahitaji la nne, au moja la 9, au jaribio la lugha la krediti 3 ambalo watu hulidharau. Aliyefaulu matatu kwa alama 30 anakosa pesa. Aliyefaulu manne kwa 19 anaipata. Mwaka wa kwanza, mimi ningeanza na masomo manne mepesi Januari na Juni, yale mazito yangojee Septemba. Wastani utainuliwa mwaka wa pili.

Kibali cha masomo kinaruhusu kazi ya saa 20 kwa wiki, jumla 1,040 kwa mwaka. Bila Kiitaliano kazi zilizopo ni kuosha vyombo, usafi na kupeleka chakula kwa baiskeli, na muhula wa kwanza hata hizo ni adimu. Usiziingize kwenye bajeti ya kuja.

Kibali kikikaribia kuisha, omba upya siku 60 kabla. Kwa kurefusha mara ya kwanza unatakiwa uwe umefaulu angalau mtihani mmoja, na miaka inayofuata miwili kila mwaka. Ukiwa na risiti tu, kadi mpya haijatoka na viza imekwisha, unaweza kwenda nyumbani na kurudi, ila kwa safari isiyopita nchi nyingine ya Schengen, yaani zile za Ulaya zisizokaguana mipakani. Tiketi ya bei poa kupitia Amsterdam, Paris au Frankfurt itakukwamisha kaunta ya uwanja wa ndege. Pitia Addis Ababa, Cairo, Doha au Istanbul, ubebe pasipoti, risiti halisi na kadi ya zamani kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la kupakia.